Piga Hodi, Mwana wa Mfalme

Kama hukuwa Kware, mtaa wetu wa Nairobi, wiki zile filamu ya Taji Linawasha ilipoingia, pole sana, ulipitwa. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu na hakuna aliyejisumbua kulikariri. Watu walikuwa na kazi muhimu zaidi, nayo ni kuimba. Juu ya paa za magorofa, pale wanawake wanapogombania kamba za kuanikia nguo, ugomvi uliisha na kwaya ikaanza. Ryan kinyozi aliapa hanyoi mtu asiyejua kiitikio, na kuna mteja mmoja aliyekaa na kichwa nusu mpaka alipokikumbuka.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya binti mfalme, lakini binti mfalme mwenye akili zake timamu. Anaitwa Perinela, Peri kwa wapenzi wake. Amefungiwa mnarani kama ilivyo desturi ya mabinti wafalme, ila mnara una mlango, na mlango hauna komeo. Ni vile tu hakuna aliyewahi kuujaribu. Ndege wanakuja kumsaidia kuosha vyombo, kama ilivyo desturi ya ndege wa hadithi hizo, wanavunja sahani zote na kunya kwenye mkate. Mchawi si mbaya hata kidogo, ni mama wa watu aliyekoseshwa usingizi na mbu. Na viatu vya kioo vinamtoa Peri malengelenge, basi anavivua, anachukua kisu na kujikatia ndara kutoka kwenye mpira wa gurudumu la gari la kifalme.

Hapo ndipo Eastlands nzima ilipopiga mayowe. Akala! Binti mfalme wa watu amevaa akala! Kule Kariokor, Nzomo, ambaye amekata matairi miaka ishirini bila mtu hata mmoja kumwita msanii, alianza kupigilia taji dogo la shaba kwenye ukanda wa kila jozi, na wasichana wakapanga foleni mpaka barabarani. Peri alikuwa wetu. Nani angebisha?

Lakini kati ya wapenzi wote wa Peri, hakuna aliyempenda kama Ayuma.

Ayuma alikuwa na miaka ishirini na sita na alifungasha sabuni za mche katika kiwanda kimoja huko Industrial Area. Filamu hiyo alikuwa ameitazama mara kumi na moja, kwenye simu yenye ufa uliompasua Peri katikati. Na alifanya jambo ambalo wengine hawakufanya. Wengine waliimba sauti tu, wakimung'unya Kiingereza kama mtu anayetafuna muwa. Ayuma alikaa na daftari la kurasa tisini na sita, akaligeuza kila neno la zile nyimbo saba kuwa Kiswahili kinachoimbika, kinachoingia kwenye mdundo bila kusukumwa. Aliyatunga maneno hayo kichwani akifungasha sabuni, na usiku kabla ya kulala aliyaandika.

Alijua anachokitaka. Alikitaka tangu utotoni, baba yake alipokuwa akimbeba mabegani kwenda kuona video, naye anakodolea macho si picha bali yule mtu wa pembeni mwenye maiki, DJ wa filamu, yule anayefunika sauti za wazungu na kuisimulia hadithi upya kwa lugha ya watu. Nyumbani Ayuma aliwasimulia kuku. Kuku walisikiliza vizuri tu. Ila mwanamke DJ wa filamu, huyo hakuwahi kumsikia popote.

Basi akaenda kwa Wekulo. Mzee Wekulo ndiye mwenye kibanda cha video cha pale Kware: mabati, viti sitini vya plastiki, projekta moja na shuka jeupe ukutani.

"Mzee, tupe Jumapili moja tu. Saa tisa."

"Jumapili saa tisa ni ya vita," alisema Wekulo. "Wanaume wanafanya kazi siku sita viwandani. Siku ya saba wanataka kuona mtu akirushwa dirishani."

"Hata hii kuna wanaorushwa dirishani."

"Akina nani?"

"Ndege."

Wekulo alimtazama. Ana macho ya mtu aliyezoea kuombwa. "Haya. Jumapili moja. Lakini sikiliza masharti yangu. Mimi nitasimama pale mlangoni, na nitahesabu viti. Vikifika kumi vitupu, nazima, naweka vita, na hiyo Peri yenu isitajwe tena hapa kwangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Na maiki?"

"Maiki ni ya Kishindo." Huyo ni DJ wake, Otiende kwa jina la nyumbani, DJ Kishindo kwa jina la mabango. "Sauti ya mwanamke haibebi filamu, Ayuma. Si mimi ninayesema. Ni watu."

"Watu gani, mzee?"

Wekulo alikumbuka ghafla kwamba ana kazi nyuma ya kibanda.

Iliuma, na Ayuma hakujificha kwamba imeuma. Alilia njia nzima hadi nyumbani, kilio cha hasira. Lakini afadhali nusu shari kuliko shari kamili. Alhamisi alimpelekea Otiende lile daftari, akalishika kwa mikono miwili kama anayemkabidhi mtoto.

"Nyimbo zote zimo, kwa mpangilio. Usome tu. Hadithi iko kwenye nyimbo, Kishindo. Ukiziruka hakuna kitu kinachobaki."

"Usijali, siste," alisema Otiende. "Iko mikono safi."

Jumapili ikafika, na kibanda kikajaa mpaka mabati yakatoa jasho. Wanawake walitoka kanisani moja kwa moja, wengine bado na vitambaa vya kwaya shingoni. Wengine walitoka Pipeline, wengine Njiru. Wanaume wa vita pia walikuja, kwa mazoea tu, wakakaa nyuma na mikono wameikunja. Na miguuni, ukiinama kuangalia, akala tupu, akala safu baada ya safu, mataji ya Nzomo yaking'aa.

Ayuma aliwekewa kiti na rafiki yake Ifrah, ambaye huuza vitambaa katika duka la ghorofa ya chini, mlango wa pili kutoka pale kibandani. Ifrah hakuja peke yake. Kando yake alikaa nyanya yake, Fadumo, ambaye mtaa mzima humwita Ayeeyo, jina ambalo Wasomali huwaitia nyanya zao. Ayeeyo alikuja kukagua.

"Nimesikia kuna mwanamume anaingia chumbani kwa msichana aliyelala," alisema, hata salamu bado. "Kama ni upuuzi, Ifrah, tunaondoka pamoja. Na nikiondoka mimi kwa ajili ya swala, usiseme nimeondoka kwa ajili ya filamu."

"Sawa, Ayeeyo."

Hata yeye alikuwa amevaa akala, lakini si kwa ajili ya Peri. Ni kwa sababu ya miguu yake.

Taa zikazimwa. Shuka likawaka. Mnara ukaonekana, mawingu, ndege wale wajinga, na kibanda kizima kikapiga kelele ya furaha kiasi kwamba Ayuma alisisimka hadi utosini. Peri akafungua dirisha. Akavuta pumzi ya kuanza wimbo wa kwanza. Watu sitini wakavuta pumzi pamoja naye.

Na ghafla Peri akawa jikoni, anapika uji.

Watu wakabaki na midomo wazi, pumzi imekwama.

Hebu tumwelewe Otiende, hata kama hastahili. Kwa miaka minane amekuwa DJ wa filamu za vita, na katika filamu za vita wimbo ni takataka. Wimbo ni pale watu wanapokwenda kununua karanga. Kidole chake kikisikia zeze tu, kinabonyeza chenyewe, picha inaruka dakika nne mbele, na mtu anaanza kupigwa. Mazoea yana taabu. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na kidole kibaya.

"Na hapo mrembo yuko kwa jiko," alinguruma Otiende kwenye maiki, "anapika ya mwisho mwisho, hajui adui ako mtaani!"

"Adui gani?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Wimbo uko wapi?" aliuliza mwingine.

Ayuma aligeuka kutazama kona ya DJ, kile kimeza cha pembeni chenye taa ndogo. Akaliona daftari lake. Lilikuwa chini ya projekta, limekunjwa mara mbili, limeshikilia mguu mfupi ili picha isiinamie upande. Otiende hakuwa amelifungua hata ukurasa mmoja.

Nyuma, wanaume wawili wa vita wakainuka na kutoka. Mlangoni, Wekulo akakunja vidole viwili.

Filamu ikasonga. Ikafika pale penyewe, pale ambapo kila mpenzi wa Peri hupangusa mikono na kujiweka sawa kitini. Peri amelala, au anajifanya amelala. Kijana mmoja, mtoto wa mfalme wa mbali, anapanda ukuta wa mnara kwa kamba, anahema, kofia imemwangukia machoni. Anaingia kwa dirisha. Anainama. Zeze likalia.

Kidole kikabonyeza.

Sasa mtoto wa mfalme alikuwa nje, ameketi kwenye ngazi, pua imevimba kama kiazi, na Peri alikuwa ndani anakunywa uji wake kwa raha.

"Majangili!" Otiende alipiga kelele, akitunga kwa haraka. "Majangili wamemvamia jamaa! Wamemtandika, wakaingia mitini!"

Kibanda kililipuka. "Majangili wapi, wewe!" "Zii, zii, zii! Rudisha wimbo!" "Kishindo, unatubeba ufala!" Mwanamke wa kwaya alirusha kitambaa chake kikamwangukia Otiende begani. Na ndani ya zogo lile sauti moja ilipanda juu ya zote, sauti ya kukwaruza, ya mtu asiyezoea kukatizwa.

"Nani amempiga huyu kijana?" Ayeeyo alikuwa anauliza. "Nimekaa hapa, macho ninayo, sijaona mtu. Alikuwa chumbani kwa msichana. Sasa ana pua mbaya. Katikati kulitokea nini? Nataka kujua!"

"Ni mlango, Ayeeyo," Ifrah alisema, karibu kulia. "Peri anamwambia atoke, aje kwa mlango apige hodi kama mtu. Anapiga, Peri anafungua kwa nguvu, mlango unampata puani. Yote iko kwenye wimbo."

"Anamfukuza?"

"Anamfukuza."

Ayeeyo aliketi wima. "Basi hiyo ndiyo nilikuja kuona."

Lakini watu walikuwa wameanza kuondoka. Wanne kwa pamoja, kisha mmoja, kisha wawili, wakitikisa vichwa. Wekulo alikuwa anakunja vidole bila haraka, na Ayuma alikuwa anahesabu naye: saba, nane, tisa. Kiti kimoja tu, na Peri angeondoka Kware kama mgeni aliyekosewa adabu. Na kila mtu angesema filamu ile haikuwa na kitu, wakati kitu chenyewe kilikuwa chini ya mguu wa projekta.

Ndipo adhana ya alasiri ikasikika kutoka msikiti wa upande wa pili, na Ayeeyo akasimama.

"Kumi," alisema Wekulo, na mkono wake ukaenda kwenye swichi.

"Weee!" Ayeeyo alimnyooshea kidole kutoka katikati ya kibanda. "Kumi gani?"

"Kiti chako kitupu, mama. Sheria ni—"

Ayeeyo hakumngoja amalize. Aliinama, akavua akala ya mguu wa kulia, akaipangusa vumbi na kuiweka katikati ya kiti chake. Huku kwetu kila mtu anajua maana yake. Ukiacha kitu chako mahali, mahali ni pako, hata ukienda hadi Garissa na kurudi.

"Kitupu kiko wapi?" aliuliza. "Mimi naenda kuswali hapo dukani kwa Ifrah. Nikirudi nikute kiatu changu, na kiti changu, na wimbo wangu. Ukizima utanieleza mbele ya watu." Akatoka akichechemea, mguu mmoja na kiatu, mwingine na soksi.

Wekulo alibaki na mkono hewani. Kware nzima hakuna anayegombana na Ayeeyo.

Ifrah alimsukuma Ayuma mgongoni kwa nguvu. "Enda! Enda sasa hivi, kabla hajarudi!"

Ayuma hakukumbuka baadaye alivyopita kati ya viti. Alikumbuka tu kwamba miguu ilikuwa yake na haikuwa yake, na kwamba alifika mbele ya Otiende akanyoosha mkono.

"Nipe maiki."

Otiende alikuwa analowa jasho. Katika miaka minane hakuwahi kuzomewa. "Chukua," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo. Akafikia daftari chini ya projekta alivute, na picha nzima ikaanguka pembeni, Peri akalala kwenye bati.

"Acha!" Ayuma akamshika mkono. "Liache hapo hapo."

Ina maana hakukuwa na kusoma. Ilikuwa ni kichwa chake tu. Otiende akarudisha filamu nyuma mpaka dirishani, mtoto wa mfalme akainama tena, zeze likalia tena, na safari hii kidole kilikaa kimya.

Mstari wa kwanza Ayuma aliutoa kwa sauti nyembamba, iliyotetemeka. Mtu mmoja nyuma alicheka. Wa pili ulikuwa mnene zaidi. Na kufika wa tatu, alikuwa haimbii kibanda tena; alikuwa anaimba kama anavyoimba kati ya mashine, pale mtu anapoimba kwa nguvu kwa sababu anajua hakuna anayemsikia.

*Umevuka mito saba, umepanda ukuta,*
*farasi hoi chini, na wewe unatweta;*
*mlango uko nyuma, hata komeo sikutia,*
*basi piga hodi, mwana wa mfalme, piga hodi!*

Watu walikuwa wamemung'unya wimbo kwa wiki tano na sasa ndio wanausikia unasema nini. Halafu mwanamke wa kwaya akasimama, mikono juu, akalia, "Woi! Kumbe ni hivyo!"

"Hodi!" Hiyo ilikuwa sauti ya Otiende. Hakuwa na maiki na hakuihitaji. Kishindo ni chake tangu azaliwe. Alikuwa ameshika sehemu ya mtoto wa mfalme.

"Nani?" Ayuma aliimba.

"Mimi!"

"Mimi nani?"

"Mtoto wa mfalme!"

"Ana mama huyo?"

"Anaye!"

"Hakumfunza?"

Hapo wanaume wa vita, waliokunja mikono tangu mwanzo, wakacheka wakashindwa kujizuia. Na duru ya pili kibanda chote ndicho kilichopiga hodi. Sauti hamsini zikagonga, Ayuma peke yake akauliza nani, na mabati yakaitika. Walioondoka hawakuwa wamefika mbali. Wakarudi mbio, mmoja na karanga mdomoni. Watu wakapanda juu ya viti, wakashuka, wakavisukuma ukutani kwa sababu vilikuwa vinazuia. Akala ziligonga sakafu ya simiti, pa, pa, pa, kwa pamoja, na Peri alipofungua mlango ukampata yule kijana puani, sijui kama Nairobi imewahi kusikia kelele ya furaha kama ile. Ifrah alikuwa analia na kucheka. Ayuma pia. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee, na mtu fulani akamvisha shingoni kitambaa cha kwaya.

Wimbo ulipokwisha, Otiende akasimamisha picha bila kuambiwa. Watu walikuwa wanahema. Ndipo wakamwona Wekulo.

Alikuwa ameacha mlango. Alikuwa anapita polepole kando ya viti vilivyosukumwa ukutani, akigusa mgongo wa kila kimoja kwa kidole. Hakuna aliyekalia chochote. Alihesabu mpaka mwisho wa ukuta mmoja, akarudi na ukuta wa pili, na kelele zikafa zenyewe jinsi alivyokuwa akikaribia mbele.

"Viti hamsini na tisa," alisema. "Vyote vitupu."

Ayuma alishika maiki kwa mikono miwili. Sharti ni sharti, na alilikubali kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini alijua pia kwamba hata wakizima sasa hivi, kile kilichokwisha kusikika hakirudi kimya.

"Cha sitini kina kiatu," aliongeza Wekulo. Akavua kofia, akajikuna kichwa, na uso wake ukapata aibu ambayo haukuizoea. "Ayuma. Jumapili ijayo, saa tisa."

"Ndio, mzee?"

"Sipangi viti."

Ilichukua kitambo kabla watu hawajaelewa. Kisha kila mtu alielewa kwa wakati mmoja kwamba pasipo viti hakuna vitupu vya kuhesabu, na yule mzee akajikuta ameinuliwa juu, anapiga kelele washushe, ana mgongo.

"Na mimi nitakaa wapi?"

Ayeeyo alikuwa mlangoni, uso bado una maji ya udhu, soksi imechafuka. Watu walimpisha. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye kiti chake, akachukua akala yake, akaivaa bila haraka, akaketi. Kisha akamtazama Ayuma, akaitazama maiki iliyokuwa mkononi mwake, na akaonekana kuona ni sawa kabisa iwe pale.

"Haya, binti," alisema. "Mimi sijasikia kitu. Anza pale anapoingia dirishani."